Mume wangu anataka tuvuke Marekani na mbwa wake

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Columbus, Ohio. Mume wangu ameendesha malori makubwa miaka mingi na sasa amestaafu. Amenunua gari-nyumba lililotumika, lenye kitanda, jiko na choo, anataka mwishoni mwa Septemba twende California: mimi, yeye, na mbwa wake mzee aliyekuwa akisafiri naye kazini. Amepanga tufike kwa siku nne. Mimi namwogopa yule mbwa, tena mimi ni mtu wa swala, na mate ya mbwa ni najisi. Nikisema siendi, mume wangu ananyamaza siku nzima. Nikisema naenda, najihisi nimepakiwa kama mzigo. Nifanyeje?
Mama wa Columbus

Dada yangu,

Katika barua yako yote, kilichonishtua ni hizo siku nne. Kutoka Columbus hadi Los Angeles ni zaidi ya kilomita 3,500. Kuzimaliza kwa siku nne ni kukimbiza karibu kilomita 900 kila siku, na hayo si matembezi, ni ile ile kazi aliyostaafu. Sheria ya Marekani humruhusu dereva wa lori la mizigo kuendesha saa 11 baada ya kupumzika saa 10 mfululizo. Mtu aliyeishi ndani ya saa hizo kwa miaka hupanga safari kwa kujiuliza shehena ifike lini. Ndiyo maana unajihisi mzigo. Siamini kwamba shemeji yangu anakudharau. Naamini anatamani uione barabara aliyoipita bila wewe miaka yote uliyokuwa nyumbani ukingoja simu yake, ila hajawahi kuipita kwa namna nyingine.

Kwa hiyo usimjibu bado kama unakwenda au huendi. Kaeni na ramani mbadilishe mwendo kwanza. Mwambie unataka saa nne au tano za kuendesha kwa siku, zisizidi, na kila baada ya siku mbili gari lisiwashwe kabisa. Barabara kuu namba 70 inapita hapo hapo mjini kwenu, inavuka Mto Mississippi pale St. Louis, inakata Kansas yote hadi Denver na kupanda milima ya Rocky. Mwishoni mwa Septemba miti ya aspen huko Colorado hugeuka manjano, upande mzima wa mlima, na upepo mkali ukivuma majani yote yako chini. Anayekimbilia kufika hayaoni.

Mumeo theluji ya milima hiyo anaijua kwa lori. Gari-nyumba lina mabomba ya maji, na maji yakiganda mabomba hupasuka. Handaki la Eisenhower, ambamo barabara namba 70 inapita, liko mita zipatazo 3,400 juu ya usawa wa bahari, na milimani huko theluji huweza kuanguka hata Septemba. Usiku wa baridi kali, mpira wa maji wa nje uchomolewe na umwagwe maji kabla hamjalala. Hili mlijifunze wote wawili.

Sasa mbwa. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wa pwani wamelelewa nayo, chombo alichokiramba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wamaliki wana mtazamo mwingine. Hukumu ya dini mwulize imamu wako, mimi sina mamlaka hayo. Ya ndani ya gari ni haya: chumba cha nyuma kiwe chako, na mlango ufungwe. Mswala na nguo za swala zikae kabati la juu humo. Mbwa alale mbele karibu na dereva, bakuli lake na taulo lake visichanganywe na vyenu, na wa kumsafisha awe mume wako. Haya yakubaliwe nyumbani, kwa sababu njiani, mvua ikinyesha na kila mtu amechoka, hayatakubalika.

Kuna jambo hukuliandika na pengine hamjaliona. Katika hifadhi nyingi za taifa za Marekani, mbwa haruhusiwi kwenye njia za miguu. Pale Arches, Utah, anaishia barabarani, maegeshoni na kambini, tena kwa kamba isiyozidi futi sita. Kumfungia garini juani ni kumhatarisha. Maana yake mmoja wenu atabaki naye, na nahofia atakayeachiwa kamba ni wewe unayemwogopa. Kataa hilo mapema, bila kuona haya. Chagueni mahali anaporuhusiwa: ukingo wa kusini wa Grand Canyon mnaweza kutembea naye kwenye njia ya ukingoni, na kwenye vilima vya mchanga vya Great Sand Dunes, Colorado, sehemu ya kuingilia anaruhusiwa pia. Na kabla ya yote apimwe na daktari wa wanyama, mpate na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Ni mzee, na hakuombwa ushauri kuhusu safari hii.

Ukiona bado siku zote hizo ni nyingi kwako, kuna njia ya tatu. Mwandishi John Steinbeck alipoizunguka Marekani mwaka 1960 na mbwa wake Charley, ambaye naye alikuwa mzee na aliugua njiani, mkewe Elaine aliruka kwa ndege akamkuta Chicago, baadaye Texas. Nawe unaweza kumwacha mumeo avuke tambarare za Kansas na mbwa wake, wewe ukampokea Denver, mkapanda milima pamoja. Huko si kumkataa. Ila mweleze mwenyewe, ana kwa ana, asubuhi akiwa hajachoka, na mwambie hasa ni sehemu gani ya barabara yake unayotaka akuonyeshe.