NASAHA SI KUINGILIA MAMBO YA WATU

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (s.a.w.). Amma baad.



Katika Hadithi Arobaini za Imam Nawawi, ambazo watoto wetu wanazisoma madrasa, hadithi ya 7 yatufundisha kwamba dini ni nasaha. Ukifika ya 12, Mtume (s.a.w.) atufundisha kwamba Uislamu wa mtu hupendeza akiacha yasiyomhusu. Je, zinapingana? Hapana. Ya kwanza yatufungua mdomo, ya pili yatuonyesha pa kuufunga.

Lakini sisi tunauvuka mpaka huo kila siku. Bibi arusi hajamaliza mwaka, tumeshaanza kumtazama tumbo. Jirani akikosana na mkewe, mtaa mzima unakuwa kadhi.

Na mimi ninayewaandikia nilikosea. Siku moja, baada ya swala ya alasiri, nilimwambia kijana mmoja mbele ya wenzake: «Mke wako hazai, oa wa pili.» Niliona nampa nasaha. Hakunijibu. Alivaa viatu vyake akaenda zake, na miezi miwili hatukumwona msikitini. Baadaye ndipo nikajua kwamba wiki ile ile walikuwa wamezika kichanga chao. Nilimwendea nyumbani usiku kumwomba msamaha. Alinisamehe, lakini neno likishatoka halirudi.

Basi ndugu yangu, kabla ya kusema, jiulize mambo matatu:

1. Je, ameniomba? Mtume (s.a.w.) ametaja kumnasihi Mwislamu anapokuomba kuwa ni haki yake juu yako.
2. Je, nazijua habari zake, au ninakisia tu? Sura Al-Hujurat, aya ya 12, yakataza dhana mbaya, upelelezi na kusengenya.
3. Je, tuko wawili tu? Nasaha mbele za watu ni aibu.

Lakini usifanye hayo kuwa kisingizio. Ukiona mtoto anapigwa kupita kiasi, au mjane ananyang'anywa shamba, usiseme: «Hayanihusu.» Dhuluma yatuhusu sote, hata kama hatukuitwa.

Leo ukitoka msikitini, mkumbuke mtu mmoja uliyemwumiza kwa ulimi wako. Nenda kwake kabla ya Ijumaa ijayo.

Mwenyezi Mungu azilinde ndimi zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.