AMPULI GANI KWA KAZI GANI?



Mara nyingi tunasikia mutu akisema: «Ampuli ya wati 400 inaangaza kuliko ya wati 250.» Si kweli siku zote. Wati zinaonyesha umeme ambao ampuli inakula. Mwangaza wenyewe unapimwa kwa lumeni. Basi, mbele ya kuchagua tuulize maswali mawili: ampuli hii inakula umeme kiasi gani? Na chini yake watu wanafanya kazi gani?

Tuangalie aina tatu za ampuli kubwa zinazotundikwa ku ateliye, ku viwanja na ku barabara za mine.

1. Ampuli ya merkuri. Ya wati 400 inatoa karibu lumeni 22.000. Ni ya zamani. Mapatano ya Minamata ya mwaka 2013 yalipanga 2020 kuwa mwaka wa mwisho wa kuitengeneza na kuiuza toka inchi moja hata ingine kwa mwangaza wa kawaida. Lakini ateliye nyingi za zamani zingali nayo.

2. Ampuli ya sodiyumu. Ya wati 250 inatoa karibu lumeni 27.000. Hesabu mwenyewe: tunapunguza wati 150. Ikiwaka saa 12 kila usiku, kwa mwaka tunaokoa kilowati-saa 657 kwa ampuli moja. Inafaa barabara na viwanja. Lakini mwangaza wake ni wa manjano, na rangi zinadanganya: waya mwekundu na waya wa kahawia zinafanana. Mufundi wa umeme asichague waya chini yake bila kutumia taa nyeupe.

3. Ampuli ya metali-halidi. Ya wati 250 inatoa karibu lumeni 20.000, tena nyeupe. Rangi zinaonekana vizuri, inafaa ateliye. Lakini umeme ukikatika, inaweza kukawia dakika 10 hata 15 mbele ya kuwaka tena. Wakati ule simama, usitembee gizani karibu na mashini. Lazima kuwe taa ya dharura.

Siku hizi ampuli za LED zinachukua nafasi ya hizi zote: zinawaka mara moja na hazina merkuri.

Angalisho: kila aina ina balasti yake. Usifunge ampuli ya aina moja ku balasti ya aina ingine.

HATARI YA KIOO KILICHOVUNJIKA

Kioo cha inje cha ampuli ya merkuri au ya metali-halidi kikivunjika, ampuli inaweza kuendelea kuwaka. Usifurahi! Kile kioo kilikuwa kinazuia mishale ya nuru isiyoonekana, inayochoma macho na ngozi sawa na moto wa kusudia. Hausikii kitu ku kazi. Unarudi nyumbani, na usiku macho yanauma kama yamejaa muchanga. Uzimishe umeme mara moja, ondoa watu, julisha shefu.

Nanyi mama na baba, ampuli iliyokufa si kitu cha kuchezea cha watoto. Ndani yake muna merkuri, nayo ni sumu. Isiletwe nyumbani, isitupwe ku takataka. Irudishwe ku magazini.

Kuokoa umeme ni vizuri. Lakini macho hayauzwi ku magazini.