Kuipa Programu Maelekezo Wakati wa Kuianzisha

Mwanachuo anayekwenda kufanya mazoezi ya kufundisha Karagwe au Kyerwa huenda akapangiwa shule yenye kompyuta mbili tatu na isiyo na intaneti ya kutegemewa. Kwa shule ya namna hiyo programu ya Kolibri, mrithi wa KA Lite iliyotolewa mwaka 2012, ni zana ya kufaa. Video na mazoezi huwekwa katika kompyuta moja, na vifaa vingine huvisoma kupitia mtandao wa mle mle chumbani. Aidha kazi za kila mwanafunzi huhifadhiwa, hata mwalimu akaweza kuona nani amekwama katika sehemu na nani amevuka.

Kolibri hupatikana pia kama faili moja lenye mwisho wa .pex. Programu yote imefungwa humo, na endapo kompyuta ina Python, faili hilo hujianzisha lenyewe. Hapa ndipo mwanagenzi huuliza: kitu kilichokwisha kufungwa nitakipaje maelekezo yangu?

Fikiria kifurushi cha kahawa ya kutafuna kilichofungwa kwa majani ya mgomba, kinachopelekwa Bukoba kutoka Kayanga. Ukitaka kifike kwa shangazi badala ya kaka, hukifungui. Unamwambia utingo. Programu iliyofungwa nayo huelekezwa kwa nje, kwa maneno ya amri au kwa mazingira inamoanzia.

Tuanze na amri. Katika dirisha la amri la Windows tunaandika:

python kolibri.pex start --port=8090

Kwa kawaida Kolibri hutumia mlango namba 8080. Mlango huo ukiwa umekaliwa na programu nyingine, amri hii huipeleka 8090. Hapana budi kuangalia mahali neno lilipokaa. Lililotangulia jina la faili humwendea Python. Lililofuata huiendea Kolibri. Wanachuo wajaribu wenyewe: python -V kolibri.pex hutaja toleo la Python tu, kisha hukoma, python kolibri.pex --version hutaja toleo la Kolibri. Jaribio hili la dakika moja lafundisha kuliko maelezo yangu ya nusu saa ubaoni.

Njia ya pili ni mazingira, na ndiyo yenye hatari. Neno KOLIBRI_HOME huiambia programu kumbukumbu zake zikae wapi. Lisipotajwa, programu hutumia folda iitwayo .kolibri ndani ya folda ya mtumiaji aliyeingia katika kompyuta.

Katika shule moja ya Kyerwa nilikuta diski C imejaa. Niliandika set KOLIBRI_HOME=D:\kolibri, nikaianzisha programu, nikawasajili wanafunzi wa Darasa la Tano pamoja na mwalimu wao, kisha nikaondoka nimeridhika. Sikumwambia kwamba agizo la set hufa dirisha la amri linapofungwa. Wiki ya pili akanipigia simu: "Mkufunzi, majina yote yamefutika, na programu inaniuliza lugha kama vile ni mpya. Nifute folda zote nianze upya?"

Hakuna kilichokuwa kimefutika. Umeme ulikatika, kompyuta ikazimika, naye akaianzisha Kolibri bila lile neno. Programu ikaenda C, haikukuta kitu, ikafungua makao mapya matupu. Kazi za wanafunzi zilikuwa D, salama. Lakini kama angelifuta folda kama alivyokusudia, zingalipotea kweli, na kosa lingalikuwa langu, si lake.

Dawa yake ni kutomwachia mwalimu amri ya kukariri. Fungua faili la maandishi, andika mistari miwili:

set KOLIBRI_HOME=D:\kolibri
python kolibri.pex start --port=8090

Lihifadhi kwa jina la anza.bat katika folda ile ile yenye kolibri.pex. Tangu hapo mwalimu hubofya anza.bat, na maelekezo yote mawili huenda pamoja kila siku. Iko pia amri ya setx, ambayo huliweka neno hilo moja kwa moja. Lakini humhusu mtumiaji yule tu aliyeiandika. Mwalimu mwingine akiingia kwa jina lake atakuta makao matupu yale yale. Mimi napendelea anza.bat, kwani hufunguliwa na kusomwa na yeyote.

Kabla ya kuondoka shuleni, zima kompyuta kabisa, mwombe mwalimu wa darasa aiwashe na kuianzisha programu mwenyewe, nawe ukae kando mikono mfukoni. Majina ya wanafunzi yakitokea, fungueni pamoja ukurasa wa taarifa za kifaa, unaoonyesha njia ya hifadhidata, na njia hiyo aiandike kwa mkono wake katika daftari la zana za shule, pamoja na namba ya mlango.