Seli Shina na Kinga ya Mwili Wakati wa Maambukizi ya Virusi

Utangulizi

Usinge ni kituo cha reli ya kati katika Wilaya ya Kaliua, mkoani Tabora, kwenye njia iendayo Nguruka, Uvinza na Kigoma. Reli hiyo ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikifuata kwa jumla mwelekeo wa njia ya kale ya misafara kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Misafara ilipitisha pembe, nguo, shanga na chumvi ya Uvinza. Ilipitisha pia virusi. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika jinsi ndui ilivyoandamana na wapagazi, ikiwaua njiani na kubaki katika vijiji walimolala. Ndui imekwisha kutokomezwa duniani. Mtu wa mwisho kuambukizwa kwa njia ya kawaida aliugua Merka, Somalia, mwaka 1977. Baadaye virusi vya UKIMWI (VVU) na UVIKO-19 navyo vilisafiri na watu.

Siku hizi bidhaa za namna nyingine husafirishwa na kunadiwa katika Afrika Mashariki: vidonge na unga vyenye jina la seli shina, ambavyo muuzaji hudai kuwa hurudisha kinga ya mwili na kuponya maradhi sugu, hata UKIMWI. Seli shina ni jambo la kweli, na sayansi yake ni ya kweli. Kwa sababu hiyo hasa, madai ya uongo yanayojificha nyuma yake ni rahisi kuaminika. Somo hili linaeleza kazi halisi ya seli shina virusi vinapoingia mwilini, ili mhudumu wa afya aweze kufafanua na mgonjwa aweze kuamua akiwa na elimu.

Seli shina ni nini?

Seli shina ni seli mama. Ina uwezo wa namna mbili: kujigawa na kuzaa seli nyingine iliyo kama yenyewe, na kuzaa seli zitakazokomaa na kufanya kazi maalumu. Seli shina za damu hukaa ndani ya uloto, yaani uboho wa mifupa, hasa katika nyonga, kidari, uti wa mgongo na mbavu. Waliothibitisha kuwapo kwake kwa majaribio ya panya ni James Till na Ernest McCulloch wa Toronto, Kanada, mwaka 1961.

Kutokana na seli hizi mwili hupata chembe nyekundu zinazobeba oksijeni, chembe sahani zinazogandisha damu, na chembe nyeupe zote za kinga. Uloto wa mtu mzima hutoa takribani chembe nyekundu bilioni 200 kila siku. Hata hivyo, seli shina zenyewe ni chache. Watafiti wamekadiria kuwa zinazoshiriki kuzalisha damu ya mtu mzima ni kati ya 50,000 na 200,000. Nyingi kati yake huwa zimetulia, zikigawanyika kwa nadra. Utulivu huo ni hifadhi ya maisha yote, kama mbegu ambayo mkulima haigusi hata mwaka wa njaa.

Virusi vinapoingia, uloto hupata habari

Seli iliyovamiwa na virusi hutoa protini iitwayo intafaroni, iliyogunduliwa mwaka 1957. Intafaroni huziarifu seli za jirani, nazo huwasha mamia ya jeni za kuzuia virusi visizaliane. Taarifa hiyo pia hufika kwenye uloto kwa njia ya damu.

Mwaka 2009 watafiti walionyesha katika panya kuwa intafaroni huziamsha seli shina zilizotulia na kuzifanya zianze kugawanyika. Kwa namna hiyo mwili hujaza nafasi za askari wanaokufa vitani. Amri hiyo ikidumu siku chache, seli shina hurudi kwenye utulivu wake. Ikiendelea kwa miezi na miaka, kama katika maambukizi sugu yasiyotibiwa, hifadhi huanza kuchoka na uzalishaji wa damu huvurugika.

Seli shina zenyewe zina ulinzi wa pekee. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walieleza kuwa seli shina za aina nyingi huacha baadhi ya jeni za kuzuia virusi zikiwa zimewaka wakati wote, bila kusubiri intafaroni. Seli hizi zinapokomaa na kuwa seli za kazi maalumu, ulinzi huo wa kudumu hupungua, na ndipo intafaroni huchukua nafasi yake.

Tena, uloto una namna ya kukumbuka. Chanjo ya BCG, ambayo mtoto hupewa baada ya kuzaliwa ili kumkinga na kifua kikuu, huacha alama katika seli shina za damu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliochunguza uloto wa watu waliojitolea kabla ya chanjo na siku 90 baadaye, ulionyesha mabadiliko katika namna seli hizo zinavyotumia jeni zake. Miaka miwili kabla yake, watu waliopewa BCG na kisha chanjo ya homa ya manjano, ambayo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, walionekana kuwa na virusi vichache zaidi katika damu. Kumbukumbu hii ina mipaka: jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2023 halikuonyesha kuwa BCG iliwakinga wahudumu wa afya dhidi ya UVIKO-19.

Selimundu na virusi vya parvo B19

Mfano ulio karibu zaidi na zahanati za vijijini ni wa mtoto mwenye selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye idadi kubwa zaidi duniani ya watoto wanaozaliwa na ugonjwa huu.

Virusi vya parvo B19 huenea kwa matone ya mate na kamasi, na watu wengi huambukizwa utotoni. Haviishambulii seli shina yenyewe. Huvamia watoto wake, yaani seli changa zilizo njiani kuwa chembe nyekundu, na kusimamisha uzalishaji wake kwa siku 7 hadi 10. Kwa mtu mwenye damu ya kawaida jambo hili hupita bila kutambuliwa, kwa kuwa chembe zake nyekundu huishi siku zipatazo 120. Chembe nyekundu za mwenye selimundu huishi siku 10 hadi 20 tu. Uloto ukisimama kwa juma moja, damu hushuka ghafla na uhai huwa hatarini.

Hapa ndipo kosa hutokea kwa urahisi. Mtoto ana homa, amelegea na viganja vimekuwa vyeupe. Malaria ni nyingi katika eneo hilo. Anapewa dawa ya malaria na kurudishwa nyumbani. Huenda malaria ipo kweli, lakini kipimo chanya cha malaria hakiondoi uwezekano wa parvo. Dalili inayotofautisha ni idadi ya chembe nyekundu changa, yaani retikulosaiti. Katika maambukizi ya parvo hizo hupungua sana au kutoweka kabisa. Damu inaponaswa na bandama, retikulosaiti huwa nyingi, na bandama huvimba haraka.

Tiba kuu ni kuongezewa damu kwa wakati. Kinga ya mwili ikishatengeneza kingamwili dhidi ya virusi, uloto huanza kazi tena, na kwa kawaida mtoto haugui tena ugonjwa huo. Mtoto huyu haponywi kwa kuongezewa seli shina: seli shina zake ni nzima, zinasubiri njia ifunguliwe. Anachohitaji ni damu ya kumvusha siku hizo chache.

VVU: kinga inapopungua

VVU hushambulia hasa chembe nyeupe za CD4, ambazo asili yake ni seli shina za uloto. Aidha, mwasho wa muda mrefu unaosababishwa na virusi huharibu mazingira ambamo seli shina hufanya kazi. Ndiyo maana mgonjwa asiyetibiwa mara nyingi huwa na upungufu wa damu, wa chembe nyeupe au wa chembe sahani. Dawa za kupunguza makali ya VVU (ARV) huzuia virusi visizaliane. CD4 huongezeka na uloto hupata nafuu. Mtu anayezitumia ipasavyo hadi virusi vikawa havigunduliki katika damu hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya ngono.

Wauzaji wa bidhaa hupenda kutaja habari ya Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyeishi Berlin. Habari hiyo ni ya kweli, na inafaa isimuliwe yote. Brown alikuwa na VVU na saratani ya damu. Mwaka 2007 alipandikizwa seli shina za mtu ambaye chembe zake hazikuwa na CCR5, mlango unaotumiwa na aina nyingi za VVU kuingia kwenye seli. Saratani ilirudi, akapandikizwa tena mwaka 2008. VVU havikuonekana tena mwilini mwake hadi alipofariki mwaka 2020, kwa saratani ile ile. Adam Castillejo wa London alipata matokeo kama hayo, yaliyotangazwa mwaka 2019.

Mambo matatu hayasemwi na muuzaji. Kwanza, watu hao walipandikizwa kwa sababu ya saratani, kwani hatari ya tiba hiyo ni kubwa mno kwa mtu anayeweza kuishi vyema kwa kumeza ARV. Pili, badiliko la jeni linaloondoa CCR5 hupatikana hasa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Barani Afrika ni nadra sana. Tatu, seli zilizotumika zilitoka kwa binadamu hai, zikachunguzwa na kuingizwa kwenye mshipa hospitalini. Unga wa mmea unaomezwa humeng'enywa tumboni kama chakula kingine, na seli ya mmea haiwezi kuwa chembe ya damu ya mtu.

Upandikizaji nchini Tanzania

Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upandikizaji wa uloto mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza watoto wenye selimundu mwaka 2023. Kwa watoto hao, mtoaji anayefaa zaidi ni ndugu wa baba na mama mmoja. Kila ndugu wa namna hiyo ana uwezekano wa asilimia 25 wa kulingana kikamilifu na mgonjwa.

Kabla ya kupandikizwa, uloto wa mgonjwa husafishwa kwa dawa kali. Kwa miezi kadhaa kinga yake huwa dhaifu, na virusi vilivyokuwa vimelala mwilini, kama saitomegalo, vinaweza kuamka. Kumbukumbu ya chanjo za zamani hupotea kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo huchanjwa upya. Chanjo zenye virusi hai, kama ya surua, kwa kawaida husubiri takribani miaka miwili na idhini ya daktari wake.

Mambo ya kuzingatia kwa mhudumu wa afya

1. Mtoto mwenye selimundu akiwa na homa au weupe wa ghafla, apimwe wingi wa damu siku hiyo hiyo, hata kipimo cha malaria kikiwa chanya.
2. Kama damu imeshuka na hakuna huduma ya kuongeza damu, apewe rufaa mara moja. Kutoka Usinge safari ni ndefu, basi uamuzi usisubiri kesho.
3. Ndugu zake wenye selimundu wachunguzwe pia. Mjamzito aepuke kumhudumia, kwa kuwa parvo inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.
4. Homa kwa mtu aliyepandikizwa uloto ni dharura.
5. Mgonjwa wa VVU aulizwe kwa upole kama anatumia bidhaa nyingine. Akikemewa, ataficha.

Mambo ya kuzingatia kwa mgonjwa na familia

1. Usiache ARV kwa ajili ya bidhaa yoyote. VVU hujificha ndani ya chembe zinazoishi muda mrefu, na kwa kawaida hurudi katika damu majuma machache baada ya dawa kuachwa.
2. Ukiuziwa kitu kwa jina la seli shina, uliza: seli zimetoka kwa nani, zinaingizwaje mwilini, na je, bidhaa imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA)?
3. Peleka kopo au pakiti yake kliniki, uionyeshe kabla ya kuitumia.
4. Mpeleke mtoto chanjo zote kwa wakati, na mtoto mwenye selimundu asikose kliniki hata anapoonekana mzima.

Hitimisho

Seli shina zimo tayari ndani ya mifupa ya kila mtu, na virusi vinapoingia huitikia wito bila kununuliwa. Msaada mkubwa zaidi ambao mgonjwa wengi wa Usinge anaweza kuzipa ni chanjo, ARV zinazomezwa kila siku, damu inayopatikana kwa wakati na kipimo kisichocheleweshwa. Upandikizaji ni tiba ya wachache, kwa sababu maalumu na katika hospitali maalumu. Yeyote anayeuahidi ndani ya kopo anauza jina tu.