Ua jekundu la chini ya mwembe

Sehemu iliyo chini ya mwembe huwashinda wengi. Nyasi hazishiki, mchicha unadumaa, mwisho panabaki pa kufagia na kuweka viti. Lakini upo mmea wa kwetu unaopenda kivuli cha namna hiyo. Kitaalamu unaitwa Scadoxus multiflorus. Vitabu vya zamani vinautaja kwa jina la Haemanthus, kwa hiyo usishangae ukikuta kibao cha hivyo kitaluni.

Kwa asili huota misituni, kwenye vichaka vyenye kivuli na hata juu ya vichuguu, karibu kote Afrika kusini mwa Sahara. Kiangazi huwa umejificha ardhini, umebaki tunguu tu. Mvua za kwanza zikishuka, bua nene linachomoza, mara nyingi kabla ya jani lolote, na juu yake vinafunguka vijiua vyekundu ambavyo vinaweza kufika 200, vyote pamoja vikifanya duara la ukubwa wa balungi. Sogea uangalie vizuri: petali zenyewe ni nyembamba mno, na wekundu mwingi unatokana na nyuzi ndefu za kiume, kila moja ikiwa na chavua ya manjano nchani. Baada ya wiki moja au mbili ua linanyauka, majani mapana yanashika zamu.

Panda tunguu mwishoni mwa kiangazi, kabla ya masika au vuli kulingana na mvua za kwenu. Shingo yake iwe usawa wa udongo. Ukiifukia sana inachelewa kutoa ua. Changanya udongo na mboji ya majani yaliyooza, na hakikisha maji hayatuami. Jua la asubuhi halina shida, la mchana huunguza majani. Ikiwa mizizi ya mwembe imejaa mpaka juu, tumia chungu chenye matundu, tena kisiwe kikubwa, maana mmea huu hauchukii kubanwa.

Mwagilia tangu chipukizi litokeze hadi majani yaanze kuwa manjano, kisha acha kabisa. Hapa ndipo mimea mingi inapofia. Mwenye bustani anaona majani yamelala, anadhani ni kiu, anafungulia mpira kila jioni, na tunguu linaoza. Au analing'oa akiamini limekufa, kumbe limepumzika. Chomeka kijiti mahali ulipolipanda ili jembe lisipite hapo, na usilihamishehamishe: likisumbuliwa linaweza kugoma kutoa maua msimu mzima.

Ukitaka mingine, tenga matunguu machanga yanayozaliwa pembeni, wakati wa mapumziko. Au subiri tunda liive na kuwa jekundu, ondoa nyama yake, uzisie mbegu zikiwa mbichi juu juu ya udongo wenye unyevu. Mbegu zikikaa zikakauka hazifai tena. Njia hii inataka subira, kwani mche huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa ua la kwanza.

Usichimbe matunguu porini. Nunua kitaluni au omba kwa jirani ambaye yake yamezaana.

Mdudu wa kuogopwa ni viwavi weusi wenye madoa ya rangi hafifu, wanaotafuna majani usiku na kuzama hadi kwenye tunguu. Pita jioni na tochi, waokote kwa mkono.

Jambo zito ni sumu. Mmea wote una sumu, na tunguu ndilo kali zaidi. Katika sehemu mbalimbali za Afrika limetumika kutengeneza sumu ya mishale na ya kuvulia samaki. Vaa glavu unapoligawa, au nawa mikono kwa sabuni mara umalizapo. Mbuzi wasifike hapo. Na kama nyumbani kuna watoto wadogo, kata kichwa cha ua mara linaponyauka, kabla hayajatokea yale matunda mekundu ambayo kwa macho ya mtoto ni peremende.