Saa inayogoma umeme ukirudi: kurekebisha riseti ya I2C ndani ya kerneli ya Linux

Kuna kisanduku nilichokifunga kwenye kituo cha kukusanyia maziwa. Kinasoma joto la tangi la kupozea na kuliandika pamoja na tarehe na saa. Ndani mna ubao mdogo wa Linux, kihisi cha joto, na moduli ya saa yenye chipu ya DS3231. Msimu wa umeme kukatikakatika ulipoanza, mwenye kituo akanipigia: "Fundi, kumbukumbu zako zinasema tarehe 1 Januari 1970. Mnunuzi akiziona nitamwambia nini?"

Tarehe hiyo ndipo Linux inapoanzia kuhesabu ikikosa saa ya kusoma. Kwa hiyo saa haikuwa inaonekana, na dmesg ikathibitisha: draiva ya rtc-ds1307, ambayo ndiyo inayohudumia DS3231, ilikuwa imeshindwa kwa kosa namba -110, yaani muda wa kusubiri umekwisha. Nitaeleza hatua nilizopitia. Kukompaili kerneli na kuunganisha kebo ya siriali naviruka, unavijua.

Hatua ya kwanza ni multimita. Pima SCL, kisha SDA, ubao ukiwa umewaka na hakuna kinachoendelea. Zote mbili zinapaswa kuwa juu. Kwangu SCL ilisoma volti 3.3, SDA ikawa karibu na sifuri. Mtu alikuwa ameishika chini na haachii.

Kuwasha upya hakukusaidia. Kuchomoa umeme kabisa na kuurudisha, vilevile. Hapo ndipo wengi humlaumu muuzaji wa moduli na kununua nyingine. Na kwa kweli muuzaji wangu wa Kariakoo ana lake la kujibu. Zile moduli za bluu zinazoitwa ZS-042 zina saketi ya kuchaji betri, diodi na rezista ya omu 200, iliyokusudiwa LIR2032 inayochajika. Yeye ananiuzia ikiwa na CR2032, isiyotakiwa kuchajiwa hata kidogo, na nikimuuliza anajibu, "Kaka, hiyo orijino kabisa, wote wanachukua." Ukiipa moduli volti 5 unailazimisha betri kupokea chaji isiyoiweza. Mimi huing'oa ile rezista kabla ya kitu kingine chochote, na nakushauri ufanye hivyo hivyo.

Lakini betri hiyohiyo ndiyo iliyonifungua macho. Nilizima umeme, nikaitoa, nikairudisha, nikawasha: SDA ikapanda juu na saa ikasomeka. Rudi kwenye karatasi ya maelezo ya DS3231 utaona imeandikwa wazi: upande wake wa I2C unafanya kazi iwe inakula umeme wa ubao au wa betri. Umeme ulipokatika, prosesa ilikuwa katikati ya kusoma. Prosesa ikafa, saa haikufa. Ilibaki imeshikilia biti yake ya sifuri, kama msimulizi aliyesema "paukwa" na anayesubiri "pakawa" ili aendelee. Ubao ukiwaka tena, hakuna anayemwitikia.

Sasa tazama draiva ya kidhibiti cha I2C iliyokuja na kerneli ya mtengenezaji wa ubao ilivyofanya muda ulipokwisha. Iliandika 1 kwenye biti ya riseti ya kidhibiti, papo hapo ikaandika 0, ikapanga rejista upya, ikarudisha kosa. Hiyo inaponya kidhibiti kisichoumwa. Chipu iliyoshika waya haijui kwamba kuna riseti iliyopita, kwa sababu njia ya I2C ina nyaya mbili tu na hakuna hata mmoja wa riseti.

Dawa imo kwenye waraka wa NXP, UM10204: SDA ikikwama chini, tuma mipigo tisa ya SCL. Tisa kwa sababu baiti ina biti nane na moja ya uthibitisho. Kila mpigo unaisogeza chipu biti moja. Ikifika kwenye biti ya 1 inaachia waya, na hata kama baiti yote ni sifuri, kwenye mpigo wa uthibitisho inaachia, inakuta hakuna aliyeitikia, inanyamaza.

Ninachotaka ukishike hapa kuliko yote ni mpangilio. Kidhibiti kiwekwe kwenye riseti na kibaki humo. Pini mbili zigeuzwe kuwa GPIO. Piga SCL, mikrosekunde 5 juu na 5 chini, na baada ya kila mpigo soma SDA. Ikipanda, simama na utume STOP. Ndipo pini zirudi kwa kidhibiti, riseti iondolewe, rejista zipangwe. Usipige mipigo yote tisa kwa mazoea bila kuitazama SDA. Ikiwa chipu ilikuwa inaandikiwa, mipigo ya ziada inageuka data, na kwenye moduli hii kuna kumbukumbu ya AT24C32 kwenye anwani 0x57 itakayoipokea bila kuuliza.

Kerneli tayari inayo i2c_generic_scl_recovery inayofanya hivyo. Unaipa scl-gpios na sda-gpios kwenye faili la dts, na kazi mbili zako, ya kabla na ya baada. Soma i2c-designware-master.c uone inavyozipanga, ni safi.

Bado rtc-ds1307 ilishindwa! Njia ilifunguka, lakini jaribio la kwanza lilikuwa limeshapotea, na draiva ya saa haijaribu mara ya pili. Baada ya njia kufunguka, draiva ya kidhibiti irudishe -EAGAIN badala ya -ETIMEDOUT, na adapta ipewe retries zaidi ya sifuri. Kiini cha I2C kitarudia chenyewe, na draiva ya saa haitajua kulikuwa na msukosuko.

Jambo dogo: baada ya kuandika biti ya riseti, isome tena rejista ileile ndipo uhesabu muda wa kusubiri. Maandishi yanaweza kuwa bado njiani wakati udelay yako imeshaanza.

Kupima usingoje umeme ukatike. Washa CONFIG_I2C_GPIO_FAULT_INJECTOR, unganisha pini mbili za ziada za i2c-gpio kwenye nyaya zilezile, kisha kwenye debugfs andika 0x68 ndani ya incomplete_address_phase. Chipu itashika SDA mara moja. Soma saa kwa hwclock kupitia kidhibiti chako. Ikijibu tarehe ya leo, funga kisanduku. Ikiwa ni SCL iliyokwama chini, mipigo haitafua dafu. Hapo unahitaji transista ya kukata umeme wa moduli, na kwa DS3231 hata hiyo haitoshi betri ikiwamo.