Tovuti Nyingi Katika Seva Moja

Mji wa Karatu umo njiani kutoka Arusha kwenda lango la Lodoare, ambalo ni mlango wa Ngorongoro. Wageni wengi wanaolala katika hoteli na kambi zake huzichagua wakiwa bado makwao, kwa kutazama tovuti. Mwenye kambi ndogo hahitaji seva yake peke yake. Hupanga nafasi katika seva inayotumiwa na wengi, na gharama hupungua. Swali ni hili: seva moja yaweza kubeba tovuti ngapi?

Watu wengi huangalia ukubwa wa diski. Kwa kawaida, hata hivyo, kinachotangulia kwisha ni kumbukumbu. Ichukuliwe seva yenye kumbukumbu ya megabaiti 4,096. Mfumo wa uendeshaji na hifadhidata vikitumia 1,024, zitabaki 3,072. Iwapo kila ombi la msomaji huhitaji megabaiti 64, maombi 48 tu yataweza kushughulikiwa kwa pamoja, ziwe tovuti 5 au 50.

Muda nao ni sehemu ya hesabu. Kila ombi likimalizika kwa nusu sekunde, seva itahudumia maombi 96 kwa sekunde, mradi prosesa imudu. Likichukua sekunde 4, idadi itashuka hadi 12. Hivyo tovuti moja iliyotengenezwa vibaya yaweza kuzishika nafasi zote 48 na kuwafungia majirani nje. Mgeni aliyechoka kungoja huenda kwingine, na kambi hupoteza chumo lake bila kujua sababu.

Tangu mwaka 2008 mfumo wa Linux umekuwa na utaratibu wa kuzigawa programu katika makundi na kuliwekea kila kundi kikomo cha kumbukumbu na cha prosesa. Hata hivyo, wenye seva huweza kugawa vikomo ambavyo jumla yake huzidi uwezo wa seva, kwa kutumaini kwamba tovuti zote hazitapata wasomaji wengi kwa wakati mmoja. Matumaini hayo hufaa pale duka, shule na gazeti vinapochangia seva. Hayafai pale tovuti zote zinapowangojea watalii wale wale wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, kwani wanapoanza kutafuta malazi hubisha hodi kila mahali.

Kwa hiyo anayepanga nafasi hana budi kuuliza mambo mawili kabla ya bei: kikomo chake ni kipi, na majirani zake ni akina nani.